Karibu Itakuja Awamu Ijayo

Kulikuwa na nchi moja, na mpaka hivi tunavyozungumza bado inakamilishwa. Jina lake silitaji. Si kwa woga, la hasha, ni kwa sababu jina lenyewe lilikuwa halijamalizwa kupakwa rangi kwenye bango la uwanja wa ndege, na mimi sipendi kumtangulia fundi wa rangi. Nchi hiyo ilikuwa na wizara iliyozishinda wizara zote kwa viyoyozi, nayo ni Wizara ya Mambo Yajayo. Waziri wake, Mheshimiwa Mapande, alikuwa mtu wa maono. Yaliyokuwepo hakuyaona vizuri, lakini yajayo aliyaona mpaka rangi ya mapazia.

Ni yeye aliyegundua kwamba mwananchi hana haja ya kungoja kitu kikamilike ndipo akilipie. Alipe kwanza, aingie kikiwa nusu, halafu akingojee akiwa ndani. Utaratibu huo ukaitwa Kuingia Mapema, na waliolipa walivaa beji ya kijani kifuani, wakatembea nayo mpaka sokoni. Hospitali kuu ilifunguliwa mapema, kabla ya paa, na wagonjwa wakaombwa kwa heshima waugue kiangazi. Shule mpya zikafunguliwa mapema, herufi zikiwa zimefika M, na watoto wakaambiwa wakae kimya wangojee N. Watu walinung'unika kidogo, wakalipa. Nani anapenda kuonekana wa nyuma?

Kisha likafunguliwa mapema daraja la ghuba.

Hapo ndipo anapoingia Bi Zuwena, mjane wa mtaa wa Chunguni, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyekuwa na mtoto mmoja tu duniani. Mtoto huyo, Machano, alikuwa na banda la gemu mbele ya nyumba ya mama yake: skrini chache kuukuu, viti vya plastiki, na kelele za vijana wanaofungana mabao ya uongo. Ng'ambo ya ghuba palikuwa na mtu anauza skrini nzuri kwa bei ya kutupa. Machano akanunua tiketi ya kuvuka mapema, akabandika beji yake, akamuaga mama yake, akapanda gari la kwanza.

Daraja lilikuwa zuri kweli. Lilikuwa na taa, lilikuwa na kingo zilizopakwa rangi ya fedha, na lilifika katikati.

Wizara ilitoa taarifa jioni ile ile, maana ilikuwa hodari wa taarifa. "Tunapenda kuwatoa wananchi wasiwasi," alisema Mheshimiwa Mapande. "Daraja halikuanguka. Daraja lipo palepale na liko imara. Walioanguka ni watu."

Bahari haikumrudisha Machano. Wakamsalia sala ya ghaibu, inayosaliwa maiti asiyekuwepo, wakaweka matanga, wakala wali wa msiba, wakaenda zao. Bi Zuwena alibaki na uchungu usiokuwa na kaburi la kuuegemeza. Mtu akizikwa unajua alipo. Huyu alitoka nyumbani akisema "nakwenda narudi, mama," na tangu hapo mlango wa Bi Zuwena ukawa haufungwi kwa komeo, maana aliyeahidi kurudi hajafuta ahadi yake.

*

Serikali nayo iliguswa, tena sana. Baraza la mawaziri likakutana likajiuliza tatizo la daraja lilikuwa nini hasa, na baada ya chai ya pili likapata jibu. Tatizo lilikuwa maji. Watu wakianguka mahali penye maji, panakuwa na msiba, pakiwa na msiba panakuwa na maswali. Wakitafutiwa mahali pa kuanguka pasipo na maji, maswali yatatoka wapi?

Ndipo ukazaliwa mchezo wa taifa, gemu ya kwanza duniani kutengenezwa na wizara, iliyoitwa Nchi Kamili. Ndani yake mlikuwa na nchi ile ile, ila imekwisha. Daraja lilifika pande zote mbili. Hospitali ilikuwa na paa, na juu ya paa bendera. Kila kaya iliyolipa Kuingia Mapema ilipewa nyumba yake humo, kwa anwani ile ile ya kwenye kitambulisho cha taifa, mpaka ufa wa ukutani.

"Mchezo wenyewe haujakamilika," alisema Waziri siku ya uzinduzi, akishangiliwa na watu wa wizara yake, "na hiyo ndiyo fahari yetu! Mataifa mengine huwapa watu wao vitu vilivyokwisha, wakakosa cha kutarajia. Sisi tumewapa matarajio. Leo mnalipia milango. Awamu ya tatu, nyuso. Awamu ya tano, mapishi. Haraka haraka haina baraka, ndugu zangu, kwa hiyo fanyeni haraka mnunue."

Siku hiyo hiyo Mheshimiwa alipitisha sheria fupi: kiongozi anapoingia Nchi Kamili huhesabika yuko humo kikazi, na pale alipo humo ndipo alipo kisheria. Hilo lilimwezesha kuzindua hospitali akiwa kitandani kwake. Wabunge waliisifu sheria hiyo kwa kuokoa petroli.

Amri nyingine ilisema mabanda yote ya gemu yafute michezo ya kigeni, yabaki na Nchi Kamili peke yake. Bi Zuwena aliifuata bila neno. Yeye banda aliliendesha tu kwa sababu viti vile vilipangwa na mkono wa mwanawe. Hakuwahi kushika pedi ya kuchezea gemu maishani.

*

Aliyemshikisha pedi ni jirani yake Bi Chanuo, mjane mwenziwe, mnene, mcheshi, mtu asiyeweza kuona jambo akalinyamazia.

"Shoga, we unakusanya hela za watu wakaone nyumba zao, yako hujaiona?" alimwambia adhuhuri moja banda likiwa tupu. "Njoo hapa. Wamekuwekea mpaka lile pazia lako lililoungua pasi."

Bi Zuwena akakaa. Kwenye skrini palikuwa na sebule yake. Mkeka ulikuwapo, pazia lilikuwapo na alama yake ya pasi, na mlango ulikuwa umerudishwa tu bila komeo, kama kwake. Nje, dirishani, mtaa wa Chunguni ulijaa watu waliosimama, kila mmoja mbele ya mlango mmoja. Hawakuwa na nyuso. Mahali pa uso palikuwa laini, pa rangi ya chungu kipya.

"Wanafanya nini hao?" aliuliza.

"Wanapiga hodi. Ndiyo kazi yao. Hodi imeshawekwa, karibu bado, itakuja awamu ijayo. Sasa watu wa kwetu we unawajua, mtu haingii nyumba ya mtu hajaitikiwa. Basi wanasimama tu." Bi Chanuo akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kwangu yupo mmoja, shoga. Kikohozi chake..."

Hakumaliza, kwa sababu mlango wa Bi Zuwena wa kwenye skrini uligongwa.

"Ho... hodi," ilisema sauti.

Ilikuwa sauti ya kijana mwenye mafua. Herufi ya kwanza ilimkwama kidogo, kama ilivyokuwa ikimkwama mtu mmoja tu tangu alipojifunza kusema. Kisha, nyuma ya sauti hiyo, mbali, ikasikika ya mwanamke, kavu, yenye haraka: "Piga tena, mwanangu. Hawajakusikia."

Pedi ilimwanguka Bi Zuwena mapajani. Sauti ya pili ilikuwa yake mwenyewe.

Aliikumbuka siku hiyo. Alimsindikiza Machano ofisi ya vitambulisho akiwa na mafua mabaya. Walisimama mlangoni, Machano akapiga hodi, hapakuitikwa. Yeye akamwambia apige tena. Alipiga tena na tena mpaka dirisha likafunguka kidogo, likasema njoo kesho, likafungwa. Hakuna kilichotokea siku ile zaidi ya hapo. Siku ya kawaida kabisa katika nchi ile, na sasa ilikuwa ikibisha mlangoni kwake.

"Ho... hodi."

"Piga tena, mwanangu. Hawajakusikia."

"Karibu!" alisema Bi Zuwena kwa skrini. "Karibu, Machano, mlango uko wazi, baba!"

Yule asiye na uso hakusogea. Bi Zuwena akabonyeza kila kitufe. Taa za sebule zikawaka zikazimika, pazia likafunguka likafungwa, na kwenye kona ya skrini yakatokea maandishi ya kijani: Karibu itakuja awamu ijayo, endelea kutuamini. Aliinuka, akatoka mpaka mlango wake wa kweli, akaufungua wote, akachungulia mtaani. Palikuwa na jua na kuku wa watu.

Bi Chanuo alimfuata akamshika mabega. Walilia pamoja pale kizingitini, na hawakuoneana haya.

*

Jambo hilo halikumpata yeye peke yake. Kumbe kila aliyesimama mlangoni katika Nchi Kamili alikuwa marehemu wa nyumba ile. Mama waliofia uzazini kwenye hospitali isiyo na paa, wazee waliofia foleni ya pensheni, na wale wa daraja, wengi. Nchi nzima ikaanza kukaa mbele ya skrini kusikiliza hodi. Waliokuwa wakinung'unika wakaacha, wakalipia awamu ijayo kabla haijatangazwa, na iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Waziri wa Fedha alilia bungeni kwa furaha. Alisema tangu uhuru serikali imekuwa ikitafuta kitu ambacho mwananchi hawezi kukataa kukilipia, na sasa kimepatikana, na uzuri wake hakimaliziki.

Lakini awamu ijayo ilikuwa haiji. Iliahirishwa baada ya mvua, ikaahirishwa baada ya sikukuu, kisha ikaahirishwa bila kutajiwa baada ya nini. Katika muda wote huo Machano alisimama nje. Bi Zuwena aliacha kupika vizuri. Utakaaje mkekani ukala, mtoto wako yuko mlangoni hajakaribishwa? Akajifunga kanga, akaenda wizarani.

Wizara ilikuwa na mlango mkubwa wa mninga. Bi Zuwena akapiga hodi. Hapakuitikwa. Akapiga tena. Alipoinua macho aliona juu ya fremu kidude cheusi chenye matundu madogo madogo, kimekazwa kwa skrubu, na akaelewa sauti ya mwanawe ilinaswa na nini. Kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya usalama, maana serikali ilipenda kujua ni nani anapiga hodi, hata kama haikupenda kumwitikia.

Alisimama hapo mpaka saa ya chakula, ndipo mlango ukafunguka akatoka mtu wa makamo, mwenye miwani na mkoba wa vyakula. Huyo alikuwa Bwana Ussi, fundi mkuu wa Nchi Kamili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu yuko mlangoni. Hiyo karibu iko wapi?"

Bwana Ussi alitazama huku na huku. Alikuwa mtu mwema, na wizarani wema ni kama kipele, mtu huficha. Akamvuta pembeni penye kivuli cha tangi la maji.

"Mama, nikwambie kweli? Karibu hatuna."

"Hamna vipi? Neno lenyewe silabi tatu."

"Watu wa mchezo tumewajaza sauti za kwenye ghala. Zile zilizonaswa milangoni mwa ofisi zote za serikali. Walio hai wangetaka kuombwa ruhusa, kwa hiyo tukachukua marehemu, maana wao hawaleti malalamiko. Basi hodi tulizikuta, mama, maghala kwa maghala, toka nchi ipate bendera. Tukatafuta na karibu. Tumefungua kanda zote." Akashusha sauti. "Haimo. Hata moja. Hakuna afisa aliyewahi kuisema."

"Na wageni wa nje wanaokuja? Hao hamwakaribishi?"

"Hao wanakaribishwa kwa lugha yao."

"Si mseme sasa, mnase, muweke?"

"Tumejaribu! Imeundwa kamati. Mkurugenzi aliwekwa mbele ya kinasa sauti, akafungua kinywa, ikatoka 'njoo kesho'. Naibu wake akapaliwa, akapelekwa hospitali, bahati ilikuwa kiangazi. Mheshimiwa mwenyewe alikuja. Alianza, 'Kwa niaba ya serikali sikivu,' akaendelea mpaka kanda ikaisha, na karibu hakuifikia."

"Nipeleke kwenye hicho kinasa," alisema Bi Zuwena.

*

Walimwingiza kwa mlango wa nyuma, katika chumba kilichojaa waya. Alipoulizwa anataka kulipwa nini alisema hataki kitu, ila sauti yake ianze kutumika nyumbani kwake kabla ya kuuzwa kwa wengine. Kamati ilifurahi. Ilikuwa imeshaandaa bajeti ya majaribio na ilikosa mahali pa kujaribia.

Bi Zuwena alisogea kwenye kinasa. Hakuambiwa aseme kwa namna gani. Alifumba macho, akamwona Machano kizingitini na mafua yake, viatu mkononi kwa kuogopa kuchafua, kama alivyokuwa, mtoto aliyepiga hodi hata kwao mpaka mama yake akawa akimgombeza: mwenye nyumba hapigi hodi kwao, wewe! Akasema:

"Karibu. Karibuni, karibuni ndani."

Kwa nini alisema karibuni, hali aliyemngojea ni mmoja? Ndivyo tulivyozoeshwa. Mtu akiita karibu moja hujiona mchoyo, huongeza ya wengi, kwa heshima tu, hata mlangoni akiwa amesimama mmoja. Mafundi wa wizara nao hawakulitazama hilo. Wakalichukua neno lilivyo, wakaliweka.

Siku ya uzinduzi Wizara iliandaa sherehe ndani ya mchezo, Mheshimiwa Mapande akiwa ofisini kwake na miwani yake kubwa ya gemu usoni, na nchi nzima ikitazama kwenye skrini za barabarani. Angetembea mtaa wa Chunguni wa Nchi Kamili, wananchi wasio na nyuso wakimpigia makofi, mpaka mlango wa Bi Zuwena, akate utepe. Bi Zuwena alikuwa bandani kwake, pedi mkononi, Bi Chanuo pembeni na mtaa mzima nyuma.

"Ho... hodi," alisema Machano.

Akabonyeza.

"Karibu. Karibuni, karibuni ndani," ilisema sauti yake, ikaenea nchi nzima ya kwenye skrini, maana mafundi walisahau kuiwekea mipaka.

Watu wote wa Nchi Kamili waligeuza shingo. Ilikuwa mara ya kwanza wanaisikia. Kisha, mmoja mmoja, wakaiacha milango waliyoisimamia, wakaanza kutembea kuelekea Chunguni. Walitoka mitaa yote, walitoka mikoani, walivuka lile daraja zuri, taratibu, bila kusukumana.

"Shoga," alisema Bi Chanuo, "mume wangu huyo, sikia kikohozi. Anakuja kwako."

"Mwache aje, na wewe njoo. Kaa hapa."

Machano alikuwa wa kwanza mlangoni, lakini hakuingia. Alilelewa vizuri mno. Alipomwona mzee mmoja anakuja nyuma yake akampisha. Akampisha na mama wa mzee huyo, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na kila aliyemzidi umri, na nchi ile ilikuwa imejaa maiti waliomzidi umri. Bi Zuwena aliwatazama wakipita chini ya utepe, wakivua viatu, wakikaa mkekani, wakijaa sebule, ukumbi, ua. Mwanawe alikuwa bado nje.

"Ingia, Machano," alinong'ona. "Ingia, baba, heshima imetosha."

Wakati huo Mheshimiwa Mapande akafika, na mkasi wake. Mtaa ulikuwa mtupu. Hapakuwa na wa kupiga makofi. Nchi nzima ya walio hai ilimwona akizunguka peke yake mbele ya nyumba iliyojaa kimya, na Mheshimiwa alikuwa mtu asiyeweza kuona foleni akajizuia kuipita. Alimpita Machano, akaukata utepe, akaingia.

Nyuma yake, kwa kuwa hakubaki wa kupishwa, aliingia Machano. Alivua viatu. Aliviweka pembeni mwa vingine, sambamba, akakaa pale karibu na mlango alipokuwa akikaa siku zote. Bi Zuwena alitoa sauti ambayo si kilio wala si cheko, na banda zima likalia naye.

*

Sasa sikilizeni balaa la serikali. Katika mchezo ule mgeni hatoki mpaka aage na aruhusiwe, maana nani anaondoka nyumbani kwa mtu kimya kimya kama mwizi? Na kuaga hakukuwa kumewekwa. Kuaga kulikuwa awamu ya saba.

Mheshimiwa alivua miwani yake, akajikuta ofisini. Akaagiza chai, akaletewa karatasi za kusaini. Mwanasheria wa wizara, kwa adabu zote, akamkumbusha sheria aliyoipitisha mwenyewe: kiongozi yupo pale alipo ndani ya Nchi Kamili. Kisheria, Waziri alikuwa amekaa mkekani kwa Bi Zuwena, na sahihi yoyote atakayoweka hapa ofisini ni ya mtu asiyekuwepo. Hawezi kupokea mshahara. Hawezi kuifuta ile sheria, maana anayeifuta lazima awepo. Dereva wake akaulizwa alikuwa akimwendesha nani.

Wakajaribu kuwatoa watu kwa sauti za ghalani. Wakaweka "njoo kesho" kwa sauti kubwa. Wale wasio na nyuso hawakushtuka. Walishaisikia walipokuwa hai.

Basi ikambidi Mheshimiwa afunge safari, kwa miguu yake isiyotambulika kisheria, mpaka banda la gemu la Chunguni. Alikuta limejaa. Watu walikuja kutoka kila pembe na mikeka yao kukaa karibu na wafu wao, na walipomwona waziri hawakuinuka. Bi Zuwena alikuwa mbele.

"Bibi," alisema Mheshimiwa, "taifa linakuhitaji kwa neno dogo tu. Kinasa sauti hiki hapa. Sema 'kwaherini'. Basi."

"Watatoka wote?"

"Watatoka wote, ndiyo, kwa utaratibu. Watarudi milangoni kwao."

"Na wangu atatoka."

Mheshimiwa alikohoa. "Bibi, tuseme ukweli. Huyo si mwanao. Ni neno moja lililonaswa mlangoni. Hana kingine."

Bi Zuwena alimtazama kwa muda, bila hasira, na alikuwa akilijua hilo alilosema kuliko yeye.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi nilifundishwa na mama yangu, na mama yangu na mama yake. Mgeni haagi hajala. Ngoja wale, ndipo niwaruhusu."

"Basi wape wale!"

"Mapishi si awamu ya tano?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akafunikwa mdomo. Mheshimiwa alitishia, akaahidi hospitali yenye paa, akaahidi herufi zote zilizobaki. Bi Zuwena alimsogezea kiti cha plastiki, kwa kuwa mgeni ni mgeni, akampa pedi ya pili ajitazame alivyokaa.

Akajitazama. Katika Nchi Kamili alikuwa amebanwa katikati ya mkeka, mkasi mapajani, yeye peke yake mwenye uso katika nyumba nzima. Wote walikuwa wamemgeukia. Kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na neno moja tu, na waliyemngojea maisha yao yote awaitikie alikuwa amekaa mbele yao, walikuwa wakimwambia yeye: hodi. Mzee mmoja, hodi. Mwanamke wa mtoto mgongoni, hodi. Mume wa Bi Chanuo na kikohozi chake, hodi. Mheshimiwa Mapande alifungua kinywa. Kilichotoka hakikuwa neno, na mpaka leo yumo katika kulitafuta.

Hata hivyo Bi Zuwena hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama aliyekaa karibu na mlango, na mahali pake pa uso, laini, palipokuwa bado hapajalipiwa. Alimngojea aone atafanya nini sasa ameshaingia, ameshakaa, yuko kwao.

"Ho... hodi," alisema Machano.

"Piga tena, mwanangu," ilisema sauti ya zamani ya mama yake, ya haraka, ya siku ya kawaida. "Hawajakusikia."

"Nimekusikia," alisema Bi Zuwena. "Karibu."

"Ho... hodi."

"Karibu, baba."